Sikio la Kushoto

Jumanne, 4 Februari

Fundi wa piano amekuja tena. Mara ya tatu tangu muhula uanze! Nilimwambia noti za juu zimelegea. Akakaa saa nzima kichwa kikiwa ndani ya piano kama mtu anayetafuta hereni iliyodondoka, akatoka, akasema mwalimu, piano hii haina tatizo. Nikabonyeza mwenyewe. Zimeshuka! Nikamwambia kama kazi imekuchosha sema, tutafute fundi mwenye masikio.

Akafunga mkoba wake, akaenda zake. Mtu mzima, ana mvi kunishinda.

Mchana mazoezi ya bendi ya chuo. Wanafunzi ishirini na wawili, na kelele za watu mia. Onyesho ni tarehe 22 mwezi ujao, na safari hii bendi ya redio wanatuma watu wao kuja kusikiliza. Wanataka mpigaji mmoja. Ajira ya kudumu! Enzi zetu ajira ya kudumu ya mwanamuziki ilikuwa kuoa au kuolewa na mwalimu.

Wote wanajua atakayechukuliwa ni Chiriku, binti wa tarumbeta ya kwanza. Jina hilo walimpa wenzake, kwa kuwa hanyamazi na hatulii. Ila leo kwenye noti ya juu ya wimbo wangu, anashuka. Nimemsimamisha mara tano. Anashuka tu. Wenzake wakatazamana. Naona wanamcheka.

Alhamisi, 6 Februari

Nimekasirika hata kalamu imetoboa karatasi.

Noti ile ile. Nikasema, Chiriku, panda. Akapiga. Nikasema panda, unashuka. Akapiga tena. Mara ya nne akashusha tarumbeta, akatoa simu mfukoni, akaiweka juu ya kishikio cha karatasi za muziki. Ina kile kipimo cha noti chenye sindano. Akapuliza, akanigeuzia kioo. Kwa adabu kabisa. Samahani mwalimu, sindano inasema ipo katikati.

Mbele ya wote!

Nikamwambia, weka simu. Jazi haipigwi kwa sindano, inapigwa kwa sikio. Mimi nimepuliza saksafoni miaka thelathini na moja kabla hiyo simu haijazaliwa. Na wewe vidole unavyo, pumzi unayo, sikio huna. Huna! Ukakae pembeni.

Mpiga drams alikuwa anagonganisha fimbo zake, hata yeye akaacha.

Chiriku akaenda kukaa pembeni. Hakulia. Afadhali angelia.

Jumatatu, 10 Februari

Nimeandika ripoti yangu kwa mkuu wa chuo. Nimeandika yale yale: vidole anavyo, pumzi anayo, sikio hana. Nimependekeza asipige kwenye onyesho, na tarumbeta ya chuo apewe mwingine. Mkuu akaniuliza una hakika? Nikamwambia, mkuu, kazi yangu ni kusikia.

Saa nane Chiriku kairudisha tarumbeta stoo. Ameisugua hadi inang'aa. Nikasaini kitabu cha vifaa. Akasema ahsante mwalimu, akaondoka.

Ahsante ya nini?

Jumapili, 16 Februari

Binti yangu kaja kunisalimia. Kafika tu, kakimbilia kupunguza sauti ya televisheni. Mama, nimesikia taarifa ya habari tangu ngazi za chini! Nikamwambia majirani wanapenda habari.

Hakucheka. Anafanya kazi hospitali, kila kitu kwake ni dalili. Kasema amegundua simu siku hizi naiweka kulia tu. Kasema aliniita mara tatu nikiwa jikoni, yeye akiwa upande wa kushoto, sikugeuka. Nikamwambia nilikuwa nawaza. Akasema mama, umeanza kuwaza upande mmoja?

Ameshanipangia daktari wa masikio, Ijumaa. Nimekubali ili anyamaze. Sikio langu! Sikio lililonilisha, likamlisha yeye, likamsomesha. Hana haya.

Ijumaa, 21 Februari

Kile chumba kidogo kama kabati, kimezibwa sifongo kuta zote. Kijana mpole mwenye koti jeupe, masikio yake madogo. Akanivalisha vipokea sauti, akasema bonyeza kitufe ukisikia.

Kwanza nilibonyeza sana. Baadaye ukimya mrefu. Nikadhani mashine imeharibika. Nikamwangalia kwenye kioo, anaandika. Mashine ilikuwa inafanya kazi. Sauti zilikuwa zinapita, na mimi nimekaa pale na kitufe mkononi kama mtu kituoni, basi limeshaondoka.

Halafu nikamwambia, kwa majivuno, kwamba mimi ni mwanamuziki, nipime kwa noti. Akasema sawa mama. Akaniwekea sauti kulia, kisha kushoto. Akauliza, zinafanana? Nikacheka. Nikasema hapana, ya kushoto imeshuka, karibu robo ya hatua. Nilitaka aone ninavyojua.

Akaweka kalamu chini, akasema: mama, hiyo ni sauti moja.

Nikabisha. Nikamwambia arudie. Akarudia mara sita. Akanionyesha namba kwenye mashine, ya kulia na ya kushoto, zinalingana. Sauti moja.

Akaeleza polepole, akiwa upande wangu wa kulia. Sikio la kushoto limechoka kwa kelele za miaka mingi. Sauti za juu zinapotea, na zile linazozipata linazishusha. Akili inasikia noti mbili pale penye noti moja. Akauliza, ulikuwa unasimama karibu na nini?

Na mume wangu, nikamwambia.

Alipiga drams. Miaka ishirini na sita nilisimama upande wake wa kulia, matoazi yake sentimita chache kutoka kwenye sikio langu la kushoto. Nilipenda pale. Nilikuwa nasikia anavyovuta pumzi kabla ya kupiga. Amefariki mwaka wa sita sasa, na bado yumo humu ndani, anagonga.

Nilishuka ngazi za hospitali nimeshika ukuta. Siyo kizunguzungu. Nilikuwa nakumbuka. Nikiwa naongoza bendi, tarumbeta zinakaa upande gani?

Kushoto.

Jumatatu, 24 Februari

Nimefika chuoni kabla ya mfagizi. Nimejifungia chumba cha piano. Nikaziba sikio la kushoto kwa pamba, nikabonyeza noti za juu, moja moja.

Piano haina tatizo. Yule mzee alikuwa sahihi mara zote tatu.

Kisha nikatafuta rekodi ya mazoezi ya tarehe 6. Nikaisikiliza kwa sikio la kulia peke yake. Nilitaka — niseme ukweli, hapa hakuna anayesoma — nilitaka akosee. Hata mara moja tu. Hata kidogo. Nimeisikiliza mara tisa. Noti ile anaipiga katikati kabisa, safi, kama mtu anayeweka kikombe juu ya sahani bila kugonga. Halafu inaingia sauti ya mwanamke anafoka. Huna sikio. Huna!

Sikujua sauti yangu ni kali vile.

Nyani haoni kundule. Na mimi nimepewa chaki nifundishe wengine kuona yao.

Jumatano, 26 Februari

Nimekwenda ofisini kwa mkuu kusema. Usiku mzima nilipanga maneno. Mkuu, mwenye tatizo ni mimi. Sentensi fupi, mtoto wa chekechea anaiweza.

Nikakaa. Mkuu akasema karibu mama, kuna nini? Nami nikafungua mdomo, nikasikia natoa maneno haya: nimemfikiria tena yule binti. Tumpe nafasi ya pili.

Mkuu akavua miwani. Akasema, hiki ndicho ninachokipenda kwako. Una moyo wa mzazi. Wengine wakishamwandika mwanafunzi wamemzika.

Hapo ndipo pa kusema. Pale pale! Mlango ulikuwa wazi kabisa.

Nikasema, ndiyo kazi yetu.

Nimetoka pale nikiwa nimesifiwa. Nilimvunja mtoto wa watu mguu, sasa nimempa fimbo ya kutembelea, na watu wanapiga makofi. Ripoti sijaomba iondolewe. Ningeombaje bila kusema kwa nini?

Jumapili, 2 Machi

Hodi, hodi. Mama yake Chiriku! Sijawahi kumwona. Mwanamke mwembamba, tepu ya kupimia bado shingoni — ni fundi cherehani, alisahau kuivua. Ana bahasha mkononi.

Nilimkaribisha kiti. Nilidhani amejua.

Amekuja kushukuru.

Alisema mwanawe alikaa siku tatu hali chakula, hasemi. Alitaka kuacha chuo, aje washone wote. Akaendelea: basi mimi mama yake, mwalimu wangu, nikamwambia mwanangu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwalimu akikukanya anakupenda. Rudi ukajirekebishe. Na kweli umemrudisha! Mungu akuzidishie, dada yangu.

Akatoa blauzi kwenye bahasha. Ya rangi ya zambarau, mikono mipana. Alisema amekata kwa kukadiria, Chiriku alimwonyesha kwa mikono nilivyo. Nijaribu.

Nikaenda chumbani, nikaivaa. Imenikaa kama ngozi.

Nikasimama mbele ya kioo muda mrefu kuliko inavyohitaji blauzi. Yeye akaita kutoka sebuleni, inabana? Nikasema haibani, dada. Imenienea.

Tulikunywa chai. Nilicheka alipocheka. Aliketi kushoto kwangu, na nusu ya maneno yake sikuyapata, nikawa naitikia tu kwa kichwa. Sijui nimekubali nini na nini.

Jumanne, 11 Machi

Chiriku karudi mazoezini wiki hii. Kabla hawajaingia nimehamisha viti: tarumbeta kulia, saksafoni kushoto. Wakauliza kwa nini. Nikasema mwanga.

Wimbo ukaanza. Nikamsikiliza kwa sikio zima, nikiwa na furaha ya mwizi anayerudisha mali kupitia dirishani. Ikaja noti ile.

Amepanda.

Siyo sikio langu. Lilikuwa la kulia! Amepanda waziwazi, noti imesimama juu ya wenzake kama mtu aliyepanda kiti kwenye picha ya familia. Ananiangalia, anasubiri.

Baada ya mazoezi nikamwita. Nikamuuliza ulikuwa unafanyaje mazoezi nyumbani?

Akaeleza haraka haraka, Chiriku kweli. Aliazima tarumbeta ya mjomba wake. Kila siku kwa saa mbili nzima. Akalisukuma ndani lile bomba dogo la kurekebishia sauti, akakaza midomo, akapandisha hadi anapodhani mimi napataka. Mwanzo masikio yake yalikataa, alisema. Yalikuwa yanauma kabisa, mwalimu! Lakini nikayalazimisha. Sasa yamezoea. Ile ya zamani nikiisikia naona kama imeshuka, kama ulivyosema. Sindano inakataa, lakini sindano siiamini tena. Nakuamini wewe.

Akatabasamu. Jasho puani.

Nikamwambia — naandika hapa nilivyosema, nisije nikajidanganya baadaye — nikamwambia: vizuri.

Vizuri!

Jumanne, 18 Machi

Siku ya nne namfundisha peke yake saa za mapumziko. Nimejaribu kumshusha bila kusema. Legeza midomo. Vuta bomba nje kidogo. Shusha. Hapana, sasa zaidi. Ndiyo. Rudia.

Anarudia, noti inatoka mahali pengine. Anaipata mara moja kati ya tano, tena kwa bahati, kama mtu anayepapasa swichi kwenye nyumba ya wageni. Zamani alikuwa anaruka tu juu yake bila kufikiri. Alikuwa anaongea na jirani, anageuka, anaipiga. Nimeona kwa macho yangu.

Leo alisimama katikati. Akakaa na tarumbeta mapajani. Akasema, taratibu, siyo kama Chiriku: mwalimu, wewe niambie tu ilipo. Popote utakaposema, nitakwenda. Ila usiihamishe tena.

Nikamwambia pumzika, tutaendelea kesho.

Nimeenda chooni nikafungua bomba maji yatiririke.

Ijumaa, 21 Machi

Mazoezi ya mwisho, ukumbini. Mzee wa Besi alikuja kusaidia. Tumekuwa bendi moja tangu ujana, sasa anafundisha besi ghorofa ya chini. Akisimama na lile besi kubwa huoni mtu, unaona kofia tu.

Tumepiga wimbo mara moja. Noti ile ikafika. Mzee wa Besi akaacha kupiga, mkono ukabaki hewani.

We binti! Umepanda! Nani kakufundisha kupiga hivyo?

Ukumbi mzima ukageuka. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Hatua tatu. Nimevaa blauzi ya mama yake.

Chiriku akanitazama. Siyo kwa kunishtaki. Hilo ningelivumilia. Alinitazama kama mtu anayeona mzigo wa mtu mzima unadondoka akauwahi. Akasema: kosa langu mwalimu, nilijifundisha vibaya nyumbani.

Mimi nikasema, tuanze tena, tangu mwanzo.

Ndivyo nilivyosema. Nina miaka hamsini na sita. Nimesimama mbele ya umati usiohesabika, nimepiga muziki na watu ambao majina yao yanatajwa kwa kunong'ona, na mtoto wa miaka ishirini amenificha nyuma yake.

Walipotoka, Mzee wa Besi akabaki anafunika besi lake. Akafunga zipu yote. Kisha akauliza bila kunitazama: la kushoto, siyo?

Nikauliza umejuaje.

Shemeji, alisema, marehemu alikuwa na mkono mzito. Mimi nilikuwa nyuma yake, wewe ulikuwa ubavuni. Mimi mwenyewe la kulia halisikii hata mlango. Miaka mitatu sasa. Nabahatisha kwa kutetemeka kwa mbao.

Na hujasema?

Nani kati yetu alisema? Mpiga muziki akikosa sikio, anaitwa mstaafu. Tutakula nini, sifa?

Akabeba besi hadi mlangoni, akaliegemeza, akavuta pumzi. Akasema, tofauti ni moja tu. Mimi sijamwambia mtu kuwa yeye ndiye kiziwi.

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningemjibu.

Jumamosi, 22 Machi

Saa saba mchana. Niko chumba cha mazoezi, ghorofa ya pili. Onyesho saa tisa. Watu wa redio wameshafika, watatu, wanakunywa soda ofisini kwa mkuu.

Nimemwambia.

Nilimwita saa sita na nusu aje peke yake. Nikakaa kwenye kiti cha mwanafunzi, sijui kwa nini, yeye akabaki amesimama. Nikasema yote. Daktari. Noti mbili kwenye noti moja. Rekodi niliyoisikiliza mara tisa. Nikamwambia tarehe 6 Februari ulikuwa sahihi. Tarehe 4 ulikuwa sahihi. Siku zote ulikuwa sahihi, na nimelijua hilo tangu tarehe 24. Kosa la kabla ya hapo lilikuwa la sikio. La baada ya hapo ni langu.

Nilitegemea alie. Au anitukane, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Hata nilitamani.

Aligeukia dirisha. Kisha akauliza: kwa hiyo ile ya kwanza ndiyo ilikuwa yenyewe?

Ndiyo.

Ile iliyokuwa inatoka tu?

Ndiyo, mwanangu.

Akashika koo lake kwa vidole viwili, kama anayetafuta kitu alichokimeza. Akasema, siisikii tena. Nimejaribu jana usiku. Nikifika pale nasikia wewe.

Nikasema nisamehe. Neno dogo lile! Likadondoka sakafuni, hakuliokota, hakulipiga teke.

Nikamwambia itarudi. Nikamwambia sikio la ujana halifi, linasinzia. Akaniangalia, na nikaona anajiuliza kama hili nalo nalijua kweli au nalisema tu. Sijui mwenyewe.

Nipige leo, akauliza, au nisipige?

Miaka kumi na minne ya ualimu, na swali la kwanza la maana ninaloulizwa nimemrudishia mwenyewe. Nikamwambia uamuzi ni wako. Akasema uamuzi wangu ulikuwa Februari.

Kisha akauliza, mkuu anajua?

Bado.

Na ile ripoti? Sikio hana — bado ipo kwenye faili langu?

Ipo.

Akavuta mlango. Akasema, basi twende.

Hakusema mwalimu.

Nikamwambia nitangulie? Akasema hapana, tutakwenda pamoja, nataka kusikia unavyosema. Nikamwambia wageni wa redio wako mle ndani. Akasema najua. Nikamwambia nipe dakika moja, kuna kitu nimalizie kuandika.

Ndicho hiki.

Ameegemea mlango, mikono amefunga kifuani. Chini mtu anajaribu matoazi. Anaitazama kalamu yangu inavyokwenda. Haharakishi. Ananingojea kama nilivyokuwa namngojea mimi, na mkono mmoja juu, kabla ya kusema tena, rudia.

Naandika polepole. Sijawahi kuwa na mwandiko mzuri namna hii.

Ameniita. Sasa ameniita mara ya pili. Nimesikia